Kiuno cha Somoe

Jumatatu tulipewa chokaa, madebe saba,
na brashi tano, moja haina mpini.
Mwenge unapita Alhamisi, alisema Bwana Nambunga wa Mazingira,
kila mkungu wa Shangani upakwe
toka mizizini hadi kiunoni mwa mtu mzima.
"Mtu mzima yupi?" aliuliza Somoe,
ambaye ni mfupi, na ambaye hakujibiwa.

Tukapaka kiuno cha Somoe.

Mimi ndiye niliyeinua macho.
Si kwa hekima; shingo ilikuwa imekakamaa.
Majani yalikuwa yameandikwa.

Mistari myeupe, ya kujipindapinda,
kama mtoto wa chekechea aliyepewa kalamu
akakosa wa kumwambia basi.
Jani hili, na lile, na tawi zima,
na mkungu wa pili mbele ya benki,
na wa tatu penye kibanda cha vocha cha Mfaume.
Nilichuma moja nikalielekeza juani,
kama yule daktari wa Ligula
alivyoielekeza dirishani picha ya kifua cha mume wangu
akanionyesha kwa ncha ya kalamu: hapa, na hapa.

Na hapa, ndani ya jani, alikuwamo kiwavi,
bapa, rangi ya maji ya mchele,
mwembamba kuliko ukucha wa kichanga,
anatafuna, anasogea.
Kikulacho ki nguoni mwako, walisema.
Huyu nguo hazijui. Amejilaza
kati ya ngozi ya juu na ngozi ya chini,
mvua haimpati,
anakula kijani, anaacha dari na sakafu.

Itazame njia yake, utaujua umri wake.
Inaanza kama uzi, pale alipoanguliwa;
inapanuka kadiri anavyonenepa;
na katikati, ule mstari mweusi kama wino
ni mavi yake.
Sijaona aliyeandika maisha yake kwa ukweli hivyo.

Mfaume akatoa shauri la watu wa korosho:
"Pigeni salfa. Bomba ninalo, liko Nanyamba."
Salfa ni ya ubwiri, nikamwambia,
ya ule unga wa juu ya jani. Huyu hayuko juu.
Sikumwambia kwamba bomba nalijua:
misimu kumi na tisa mgongoni mwa mtu wangu,
na kipande cha kanga yangu puani ndiyo barakoa.

Nikapeleka majani matatu ofisini.
Bwana Nambunga aliyatazama bila kuyashika.
"Mwenge hautazami juu," alisema.
"Malizieni chokaa."

Ukapita. Magari ishirini na kitu, vioo vimefungwa.
Mikungu ilisimama na soksi zake nyeupe
kama wanafunzi wa siku ya kwanza,
na kichwani ni matundu matupu.

Kisha majani yakaanza kuanguka.
Mkungu huaga kwa wekundu; mwaka huu haukuaga.
Bibi shamba mmoja alisimamisha baiskeli, akaokota moja,
akatuambia tusiyaache chini hata siku mbili,
wengine humo ndimo wanamolala wapate mabawa.
Fagieni, fukieni.

Kumbe dawa ni ufagio!
Ufagio haumo kwenye bajeti.
Somoe huja na wake kutoka nyumbani.

Shimo tumelichimba nyuma ya karakana, la tatu sasa.
Jani moja nimelibakiza. Limo katika bahasha ya kaki,
pamoja na picha ya Ligula.
Limekauka. Mwisho wa njia ile nyeupe
pana kitundu, alipotokea.
Picha nayo nimeitazama sana juani.
Njia ninaziona. Kitundu sikioni.

Saa kumi na mbili asubuhi Somoe atagonga.
Ufagio wake una kamba mpya.